Juba na utamu wa kumfunga jirani

Mganda aliyezidi miaka hamsini akisikia jina la Tito Okello, mawazo yake hayaendi uwanjani. Yanaenda Julai 1985, Jenerali Tito Okello Lutwa aliposhika nchi baada ya Milton Obote kupinduliwa, akakaa Ikulu miezi sita, hadi Januari 1986 wapiganaji wa Yoweri Museveni walipoingia Kampala. Tangu hapo jina hilo lilikuwa la vitabu vya historia. Tarehe 16 Novemba 2020 likaamshwa Nairobi, na aliyeliamsha hakuwa na bunduki. Alikuwa mshambuliaji wa Sudan Kusini, naye anaitwa Tito Okello, aliyeuweka mpira kwenye alama ya penalti katika kipindi cha kwanza cha mechi ya kufuzu AFCON, akapiga, akafunga. Sudan Kusini 1, Uganda 0. Hadi filimbi ya mwisho matokeo yalibaki hayo hayo.

Okello ni jina lenye maana yake. Waacholi humpa mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya pacha, na Waacholi wako pande zote mbili za mpaka: Gulu na Kitgum upande wa Uganda, Magwi upande wa Sudan Kusini. Huyu Okello wa mpira alipata kuichezea Vipers, klabu ya Kitende nje kidogo ya Kampala. Siku nne kabla ya ile penalti, Novemba 12, Uganda ilikuwa imeifunga Sudan Kusini 1-0 palepale Kitende, kwenye uwanja wa Vipers, kwa bao la Halid Lwaliwa, beki wa Vipers. Mechi mbili za mataifa mawili zikaamuliwa na watu wawili waliopita chumba kimoja cha kubadilishia jezi.

Kwa hiyo neno "upinzani" ni dogo mno kwa mechi hii. Neno lake ni utani, ule ambao Watanzania wanaujua kwa Simba na Yanga, na ambao wazee waliujua kwa makabila: mtani anakuja msibani kwenu, anakusaidia kuchimba kaburi, na huku anakucheka. Mtani humjui kwa mbali. Unajua anakula nini, anaficha nini, anaogopa nini. Na ukimfunga, raha yake haina mfano.

Juba inaijua Uganda kwa namna hiyo. Barabara ya lami kutoka Nimule mpakani hadi Juba, kilomita 192 zilizojengwa kwa fedha za Wamarekani na kukamilika 2012, ndiyo koo la mji. Nyanya, ndizi, soda, saruji, kuku wa mayai: vingi vinapanda kwa barabara hiyo. Ingia soko la Konyo Konyo utasikia Kiarabu cha Juba, Kiganda, Kiacholi na Kiswahili katika mazungumzo ya bei moja. Na safari ina pande mbili. Vita vilipolipuka Juba Desemba 2013, na tena Julai 2016, watu walishika barabara hiyo hiyo kwenda chini. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na haikuchukua muda ikawa moja ya makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Wapo vijana wa Juba waliosoma Uganda, waliojifunza kupiga chenga Uganda, waliopewa jezi ya kwanza na klabu ya Uganda. Unapomfunga mtu aliyekupa jezi, unaweza kucheka na kuona aibu kidogo kwa wakati mmoja.

Hata hesabu ya mpira wa taifa hili inaanzia kwa majirani. Bendera ilipandishwa Julai 9, 2011. Kesho yake timu ya taifa ilicheza Juba na Tusker ya Kenya, ikafungwa 3-1; ilikuwa mechi ya sherehe, haimo katika kumbukumbu za FIFA. Mechi ya kwanza inayotambulika ilikuja mwaka mmoja baadaye, Julai 10, 2012, wiki chache baada ya Sudan Kusini kupokewa kuwa mwanachama wa 209 wa FIFA. Mgeni wa siku hiyo alikuwa nani? Uganda. Sudan Kusini, chini ya kocha Mserbia Zoran Đorđević, ilitoka sare ya 2-2, mabao ya James Moga na Richard Justin. Kwa taifa lenye umri wa mwaka mmoja na siku moja, sare na Uganda ilikuwa kama kombe.

Sasa turudi Nairobi, 2020. Kwanza, kwa nini Nairobi? Kwa sababu uwanja wa Juba haukukidhi masharti ya CAF, na timu ilikuwa ikihamahama na mechi zake za nyumbani, leo Omdurman, kesho Nairobi, kama mpangaji aliyefukuzwa. Corona nayo ilikuwa imeutuliza mpira wa dunia nzima. Uganda ilifika ikiwa timu kubwa: ilishacheza AFCON mbili mfululizo, 2017 kule Gabon na 2019 kule Misri, ambako ilifika hatua ya kumi na sita bora ikatolewa na Senegal kwa bao moja. Katika Kundi B ilikuwa imecheza mechi tatu bila nyavu zake kuguswa: suluhu na Burkina Faso, 2-0 dhidi ya Malawi, na lile 1-0 la Kitende. Penalti ya Okello ndiyo ilikuwa bao la kwanza kuwaingia katika kundi.

Magazeti ya wiki ile yalishangaa. Mimi nadhani hayakupaswa kushangaa sana, na sababu iko kwenye orodha ya matokeo ya Sudan Kusini katika kundi lile chini ya kocha Mkameruni, Cyprian Besong Ashu. Itazame. Malawi kule Blantyre, kipigo cha 1-0. Burkina Faso kule Omdurman, kipigo cha 2-1. Uganda Kitende, kipigo cha 1-0. Uganda Nairobi, ushindi wa 1-0. Malawi Omdurman, kipigo cha 1-0. Burkina Faso Ouagadougou, kipigo cha 1-0. Mechi sita, na zote zimeamuliwa kwa tofauti ya bao moja. Hakuna mtu aliyewapiga mawili bila jibu. Walifungwa mabao sita tu, wakafunga mawili.

Linganisha na kampeni ya kufuzu AFCON ya 2017. Huko nako kulikuwa na ushindi wa kihistoria, wa kwanza kabisa katika mechi ya mashindano: Septemba 5, 2015, Juba, Atak Lual aliifunga Equatorial Guinea bao pekee, kocha akiwa Mkorea Lee Sung-jea. Lakini mechi nyingine tano za kundi lile ziliwaingizia mabao kumi na matano. Mali iliwafunga mawili kwao, ikaja Juba ikawafunga matatu. Benin iliwafunga mawili Juba na manne kwao. Equatorial Guinea yenyewe, ambayo Juba ilishangilia kuifunga, ililipiza kwa 4-0. Ushindi wa 2015 ulikuwa wa siku moja njema. Ule wa 2020 ulitoka katika timu iliyokuwa imejifunza kazi moja na kuifanya vizuri: kufunga mlango.

Na hapo ndipo utani unaponoga. Timu inayojilinda huhitaji kumjua anayeishambulia. Uganda ya miaka ile ilipenda kuanza pembeni, krosi zikienda kichwani, mipira ya kona na ya adhabu ikiwa silaha. Mtu aliyekulia ligi ya Uganda anayaona hayo kabla hayajatokea. Anajua winga huyu atarudi mguu wa kulia hata umwachie njia ya kushoto. Anajua beki yule anapenda kupanda na hurudi kwa kuchelewa. Anajua pia Mganda akicheleweshwa bao huanza kugombana na mwenzake. Kocha Mkameruni anaweza kuyasoma kwenye video, lakini kijana aliyecheza Kitende anayo miguuni.

Ukweli huu una upande wake wa pili, na ndio ninaotaka kukaa nao. Ujuzi wa mtani ni ujuzi wa mtu mmoja. Unakusaidia kumfunga jirani, kisha unabaki mikononi kama ufunguo wa nyumba uliyohama.

Chukua karatasi uandike mechi iliyofuata baada ya kila ushindi mkubwa. Baada ya Equatorial Guinea, Septemba 2015: Oktoba walipokea Mauritania kufuzu Kombe la Dunia, sare 1-1 Juba, kisha ugenini 4-0. Baada ya Uganda, Novemba 2020: miezi minne bila mechi ya kundi, kisha Malawi, 0-1. Baada ya Congo Brazzaville, Novemba 14, 2024, mechi ya Juba iliyoisha 3-2: siku tano baadaye wako Cape Town, Afrika Kusini 3, Sudan Kusini 0. Kwenye CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, Oktoba 2024 waliifunga Kenya 2-0 Juba. Kenya ikawafunga 1-0 kwenye marudiano yaliyochezwa Kampala, ingawa jumla ya mabao iliwavusha. Desemba wakaifunga Rwanda 3-2 Juba. Kigali wakafungwa 2-1, mabao yakawa 4-4, Rwanda ikapita kwa mabao ya ugenini.

Mara tano. Ushindi, kisha sare au kipigo. Makocha wamebadilika, wapinzani wamebadilika, hata uwanja umebadilika. Kilichobaki ni hiyo mechi ya pili.

Wapo watakaosema huo ni udogo wa nchi tu, na timu ndogo hushinda mara mojamoja. Sikubaliani sana. Mechi ya Kenya ya Oktoba 2024 haikuwa bahati. Mabao mawili bila jibu, nyumbani, dhidi ya kikosi cha ligi yenye historia ndefu kuliko umri wa taifa la Sudan Kusini lenyewe. Ni kweli Kenya ilikuwa miongoni mwa wenyeji watatu wa fainali, pamoja na Tanzania na Uganda, na wapo Wakenya waliosema mechi ile haikuwa na uzito kwao. Mtani akifungwa husema hivyo. Mwenyeji wa Juba aliwajua wengi waliokuwa uwanjani, kwa upande wa Kenya, kwa majina na kwa tabia, kwa kuwa vijana wengi wa Juba wamesoma Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kakuma, na wikiendi zao walizimalizia kwenye viwanja vya huko.

Kwa nini basi mechi ya pili inawashinda? Nitaanza na lililo wazi. Ushindi dhidi ya jirani huandaliwa na watu wengi bila kulipwa. Rais wa chama anaahidi, mawaziri wanakuja kambini, redio zinaimba, na mchezaji mwenyewe hahitaji hotuba. Anajua kesho yake atakutana na huyo Mganda sokoni. Mechi ya Malawi haina hayo. Hakuna Mmalawi Konyo Konyo wa kutaniwa. Mechi ya namna hiyo inaandaliwa na kambi, na kambi ni fedha, tiketi za ndege, na kalenda ya ligi.

Na ligi ndiyo kidonda. Kwa miaka mingi bingwa wa Sudan Kusini alipatikana kwa mashindano mafupi ya mwisho, mabingwa wa miji wakikutanishwa kwa siku chache. Atlabara na Malakia za Juba, Al-Salam ya Wau: ni majina makubwa kwa wenye mji, lakini mchezaji wake alikuwa anapata mechi chache za ushindani kwa mwaka, na vita vya 2013 na 2016 vikazikata hata hizo. Mchezaji wa namna hiyo anaweza kucheza dakika tisini kwa moto. Kurudia moto huo siku ya nne au ya tano, ndege ikiwa katikati, ni mazoea ya mwili, na mwili hujifunza kwa msimu mrefu. Timu iliyocheza na Congo Alhamisi haikuwa na mguu wa kucheza Cape Town Jumanne.

Kuna dakika za mwisho pia. Septemba 10, 2024, uwanja wa Juba, uliokarabatiwa kwa msaada wa FIFA na kufunguliwa upya katikati ya mwaka huo, ulipokea Afrika Kusini. Bafana Bafana walikuwa washindi wa tatu wa AFCON iliyochezwa Ivory Coast mapema mwaka huo huo. Sudan Kusini ilikwenda nao bega kwa bega, mabao yakiwa 2-2 hadi dakika za nyongeza, na mji mzima ukiwa umeshaanza kuihesabu pointi. Kisha Thalente Mbatha akafunga la tatu. Ukiwa shabiki, unalaumu bahati. Ukikaa ukaitazama tena, unaona viungo walioacha kurudi, mabeki wanaopiga mpira mbele bila kumtafuta mtu, na timu nzima imerudi ndani ya boksi lake. Mlango waliojua kuufunga mwaka 2020 ulikuwa umeachwa wazi kwa uchovu.

Oktoba ya mwaka huo huo Uganda ilipita kwenye mlango huo. Kwanza kwao, uwanja wa Namboole, 1-0 kwa Uganda. Siku nne baadaye Juba, 2-1 kwa Uganda tena. Kwa mara nyingine bao moja, na sasa mtani alikuwa amejifunza. Nadhani hili halisemwi vya kutosha: ujuzi wa jirani haukai upande mmoja. Mwaka 2020 Sudan Kusini ilijua mengi kuhusu Uganda, na Uganda haikujihangaisha kujua mengi kuhusu Sudan Kusini, kwa kuwa mkubwa humtazama mdogo kwa kona ya jicho. Kufikia 2024 Uganda ilikuwa imekosa AFCON mbili, na mkubwa aliyeumizwa hutazama kwa macho mawili. Mwisho wa kundi lile la kufuzu AFCON Uganda ilikuwa na pointi 13, ya pili nyuma ya Afrika Kusini yenye 14, Congo 4, Sudan Kusini 3, zile za Congo. Hata hivyo, ukitoa kipigo cha Cape Town, mechi tano nyingine za Sudan Kusini zote ziliisha kwa tofauti ya bao moja.

Kuna ndugu mmoja nyumbani ambaye tatizo hili ameshalitatua, naye si wa mpira wa miguu. Timu ya kikapu ya Sudan Kusini, iliyosukwa na Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA aliyezaliwa Wau, ilikwenda Kombe la Dunia la 2023 Asia ikiwa mgeni. Iliifunga China, ikafungwa na Serbia, kisha ikaifunga Ufilipino na mechi iliyofuata ikaifunga Angola 101-78. Ushindi mmoja, halafu wa pili. Wa pili ndio uliowapeleka Olimpiki ya Paris. Julai 2024 wakaitoa jasho Marekani yenye LeBron James mjini London, wakafungwa 101-100, na Paris wakaifunga Puerto Rico 90-79, siku ambayo kwanza ulipigwa wimbo wa taifa wa Sudan kwa makosa. (Wasudan Kusini walipiga kelele hadi wakapigiwa wimbo wao wenyewe. Miaka kumi na mitatu ya uhuru, na bado dunia inawachanganya na aliyekuwa mwenye nyumba.)

Kikapu hakina mtani wa aina ya Uganda, wala hakihitaji uwanja mkubwa. Wachezaji wake wengi walikulia Marekani, Australia, Kanada. Walikutana kwa kambi ndefu, kwa miaka, wakijua nani anaanza na nani anafunga mchezo. Mpira wa miguu nao una watoto wengi Australia, lakini Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma, na Thomas Deng, aliyezaliwa Nairobi, waliivaa jezi ya Australia, na huwezi kuwalaumu. Waliitwa mapema, na wakaitwa na timu inayocheza Kombe la Dunia. Wachezaji wa timu ya taifa ya mpira wa miguu, Bright Stars, hukutana siku tatu kabla ya mechi, wakitokea mabara tofauti, na nahodha anajifunza jina la beki wake wa kushoto uwanja wa ndege.

Ningependa pia kugusa mtani mwingine, mzito kuliko wote. Juni 11, 2024 Sudan ilikuja Juba kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia 2026. Siku ile ilikuwa na kila kitu: nchi mbili zilizokuwa moja, Khartoum iliyokuwa ikiungua kwa vita tangu Aprili 2023, wachezaji wa Sudan wasio na nyumbani pa kuchezea, na Juba iliyojaa wakimbizi wa Sudan waliokuwa wakiingia nchi ambayo watu wake miaka thelathini walikimbilia kwao. Sudan ilishinda 3-0. Hakuna aliyecheka sana. Kwenye marudiano ya Machi 2025, Benghazi, timu hizo zilitoka 1-1, na kwa Sudan Kusini hiyo ilikuwa pointi njema dhidi ya timu ya kocha Kwesi Appiah iliyokuwa ikigombea nafasi ya juu katika kundi la Senegal na Congo Kinshasa. Sitaki kuipima mechi ile kama nyingine. Mtu aliyetoka nyumba moja nawe, mpira humfunga na kumfungua kwa namna yake.

Mtu akiniuliza ushindi wa Nairobi ulikuwa na faida gani, namrudisha kwenye kundi lile la 2020 na 2021, maana matokeo yake yalisafiri mbali kuliko Juba na Kampala. Baada ya kipigo cha Okello, Uganda ilibaki na pointi saba. Machi 24, 2021 ikatoka suluhu na Burkina Faso, zikawa nane. Siku hiyo hiyo Sudan Kusini ilikuwa Omdurman, mwenyeji wa Malawi katika nyumba ya kupanga, na ikafungwa 1-0. Siku tano baadaye, Blantyre, kichwa cha Richard Mbulu kiliipa Malawi ushindi wa 1-0 dhidi ya Uganda. Malawi pointi 10, Uganda 8. Malawi ikaenda Cameroon kucheza AFCON ambayo kwa corona ilisogezwa hadi Januari 2022, na huko ikatoka suluhu na Senegal waliokuja kuwa mabingwa. Uganda ilibaki nyumbani.

Hesabu ya kawaida inasema Uganda iliuawa Nairobi: ingemfunga jirani siku ile ingemaliza na pointi 11. Ni kweli. Lakini fanya hesabu nyingine. Kati ya pointi kumi za Malawi, sita zilitoka kwa Sudan Kusini, Blantyre na Omdurman, kila mara kwa bao moja. Kama Bright Stars wangeishikilia Malawi Omdurman kwa sare tu, ile mechi ya pili, wakiwa na mlango uleule waliomfungia jirani, Malawi ingemaliza na pointi nane sawa na Uganda. Kanuni ingetazama mechi zao mbili: Uganda 2-0 Kampala, Malawi 1-0 Blantyre. Uganda ingepita.

Juba ilimfunga mtani Novemba, na Machi, bila kujua, ilikuwa imeshika pia tiketi yake ya kurudi.